Nyumba ya Matofali na Rangi ya Makaa

Jumatatu, 8 Mei
Marlys ameondoka asubuhi kwenda Toledo kumuuguza dada yake, aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Mke wangu atarudi Jumamosi. Siku tano zanitosha. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, najua kupanga.

Nyumba yetu ni ndefu, haina ghorofa, matofali mekundu. Iko vilevile tangu 1962, babake Marlys alipoijenga. Hakuna anayeitazama. Ng'ambo ya barabara, Duane Hostetter ana nyumba kama hii hii, ila yake nyeupe, na jana mabibi wawili walisimama kuipiga picha. Yetu nitaipaka nyeusi ya makaa. Marlys ataipita bila kuijua.

Jumanne, 9 Mei
Nimeng'oa zile mbao za kijani pembeni mwa madirisha. Miaka yote nilidhani zinafunga madirisha. Kumbe zimepigiliwa misumari, na nyuma yake wanaishi nyigu. Nimeumwa mara tatu, moja kwenye kope. Duane aliniona nikikimbia kuzunguka nyumba, akauliza kama ni mazoezi niliyoandikiwa na daktari. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 10 Mei
Muuzaji wa rangi alisema kwanza nioshe ukuta, nisubiri siku kadhaa ukauke, halafu nitumie rangi maalumu inayoruhusu tofali kupumua. Nilimshukuru. Nimefundisha wengi wa aina yake.

Nikaanza kupaka mchana huo huo. Matofali yanakunywa rangi kama mchanga. Duane akavuka barabara na kikombe chake cha kahawa.

“Jirani, nani kafa?”

Nikamwambia ndio mtindo wa sasa.

“Haya. Ila ukishapaka tofali, umepaka. Kuitoa hiyo ni kazi ya adhabu. Mkeo anajua?”

Nikasema ni zawadi. Alikunywa kahawa yake yote akiutazama ukuta. Wivu.

Alhamisi, 11 Mei
Leo zamu ya baraza. Nguzo ya chuma pale mlangoni ni nyembamba, ya kizamani. Nimenunua ya mbao, nene, ya kiume. Nilipiga hesabu: ile ya chuma ni pambo tu. Nikaikata.

Paa la baraza limeshuka vidole vinne. Mlango wa mbele haufunguki tena.

Duane alikuja mbio na jeki ya lori lake, akalala chali kwenye maua ya Marlys, akalinyanyua paa polepole huku akinung'unika maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukasimamisha nguzo mpya. Nilimruhusu asaidie kwa sababu alionekana mpweke.

Ijumaa, 12 Mei
Nimemaliza upande wa mbele. Kwa mbali nyumba inapendeza sana. Kwa karibu ina mabaka. Nitamshauri Marlys aitazame kwa mbali.

Jumamosi, 13 Mei
Hakuipita. Alisimamisha gari katikati ya barabara.

Akashuka, akaja moja kwa moja hadi chini ya dirisha la sebuleni, akapiga magoti. Nikaanza kumweleza kuhusu makaa na mtindo. Hakunisikia. Alikuwa anapapasa ukuta kama mtu aliyepoteza hereni gizani.

“Kilikuwa hapa, Verlin.”

Nikauliza nini.

“Kidole changu. Baba alikuwa anajenga, saruji mbichi, akaniambia bonyeza hapa ili nyumba ikujue. Nilikuwa na miaka saba.”

Miaka arobaini tumeishi humu, nami sikuwahi kuuliza kwa nini huwa anapitisha mkono pale akitoka kumwagilia maua. Nilidhani anafuta vumbi.

Hakulia wala kugomba. Ingekuwa nafuu. Aliniambia nikalete dawa ya kutoa rangi, na nisiguse brashi.

Jumapili, 14 Mei
Tumesugua tangu asubuhi. Duane kaleta mashine ya kuoshea kwa maji, Marlys akamzuia: ingekula saruji. Kwa hiyo ni dawa, kikwaruzo na mswaki. Mikono yangu inawaka. Hadi saa tisa tulikuwa tumesafisha kipande kisichozidi meza ya chakula.

Halafu Marlys akasema, “Njoo.” Kishimo kidogo, chenye weusi kando. Akaingiza ncha ya kidole chake. Siku hizi hakienei. Akachukua mkono wangu, akakiweka kidole changu pale, nacho hakikuenea pia. Tulikaa hapo chini kwenye majani kwa muda. Kisha nikachukua tena mswaki.

Duane akasema kwa kasi hii tutamaliza Oktoba.

Jumatatu, 15 Mei
Nimemwomba Marlys msamaha wakati wa kifungua kinywa, kwa dhati. Amenisamehe. Amenitaka niahidi kwamba sitagusa tena tofali hata moja la babake bila kumuuliza. Nimeahidi, na mimi ni mtu wa kutimiza ahadi.

Saa nne ameenda kununua dawa zaidi. Nimezunguka nyuma na futi yangu ya kupimia. Bomba la moshi limejengwa kwa mawe, si matofali.