Mafaili Yote ni Safi

Jumatatu, 3 Machi
Kiti changu kimo hatarini. Binamu amerudi na cheti cha kompyuta cha wiki tatu, tayari kakitia kwenye fremu. Shangazi, mwenye hili duka la uchapaji, amesema Ijumaa ataamua nani akae kwenye kompyuta kubwa, kwenye kiti chenye magurudumu. Miaka sita nimekikalia mimi! Akaniuliza huwa nafanya nini hasa kutwa. Nikamwambia nafukuza virusi kwenye flashi za wateja. Akasema hajawahi kuona hata kimoja.

Ataona.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua mipangilio ya programu ya kukagua virusi. Kumbe ripoti iliwekwa iandike mafaili mabovu tu. Ndiyo maana kila siku inatoa mstari mmoja: hakuna tatizo. Asiyejua ataona sifanyi kitu. Nimebadilisha. Sasa iandike kila faili inalokagua, kwenye flashi na kwenye kompyuta yenyewe, hata lililo safi, na ijichape yenyewe. Binamu akachungulia, akasema walifundishwa kwamba ripoti ndefu haisomwi na mtu. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Kurasa mia mbili na kumi na nne. Virusi: sifuri. Kadi za harusi za mteja zilikwama nyuma ya ripoti yangu, bibi harusi akaja juu. Binamu akamtuliza na kumchapia kwenye mashine ndogo. Kimbelembele. Nikaifunga ripoti kwa kamba, nikampa Shangazi nikitarajia aupime uzito tu. Akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza.

Nilisahau. Huyu hata karatasi ya dawa huisoma mpaka anwani ya kiwanda.

Alhamisi, 6 Machi
Amefika ukurasa wa 131. Akaniita. Kidole kilikuwa juu ya mstari huu: SHAJARA YANGU SHANGAZI ASIIONE, safi. Akasema kama ni safi, hakuna ubaya kuisoma. Akaisoma saa nzima, amekalia kiti changu. Mimi nikawa nakata karatasi zisizohitaji kukatwa. Mle nimemwita bahili mara tisa. Pia nimeandika kwamba magoti yake yananitia hofu, heri ayapumzishe, na kwamba tangu mama afariki sina mwingine kama yeye. Mambo ambayo nisingeweza kumwambia usoni.

Alitoka akifuta miwani. Akasema bahili ni baba yangu, si yeye. Kisha akanimegea nusu ya chungwa lake.

Ijumaa, 7 Machi
Uamuzi umetoka. Kiti amekichukua yeye mwenyewe, kwa kuwa nimeandika magoti yake yapumzike. Mimi na Binamu tutaitumia kompyuta kwa zamu, tumekaa kwenye benchi. Na ripoti ndefu anaitaka kila Ijumaa, imempendeza.

Sina wasiwasi. Shajara nimeihamisha, nikaiagiza programu iiruke. Binamu anasema mafaili yaliyorukwa huorodheshwa mwishoni mwa ripoti. Ni mstari mmoja tu, ukurasa wa mwisho kabisa. Nani atafika huko?