Ndoa Mbili Kabla ya Saa Sita

Watu walimwita Shemeji, kwa sababu hapakuwa na nyumba ya mjane ambayo hajajitia ukwe.

Siku moja, kwenye foleni ya chai, alimsikia fundi wa kompyuta wa ofisi ya ndoa akilalamika. Ofisi ilikuwa na matawi mawili, kila moja na daftari lake ndani ya kompyuta.

"Sheria ni mtu mmoja, ndoa moja," alisema fundi. "Lakini madaftari yenyewe huambiana saa sita mchana tu. Kabla ya hapo, la huku halijui la kule limeandika nini."

Shemeji akamlipia chai. Mwizi wa kawaida angenunua nyundo. Yeye alinunua suti.

Wachumba alikuwa nao wawili. Mwokaji, aliyesema duka la mikate ni lake, angempa funguo za gari siku ya ndoa, maana aliambiwa bwana harusi ana msitu wa mbao. Mshonaji, mwenye ghorofa, aliahidiwa nahodha wa meli. Wote walikuwa na haraka. Tamaa haina muda wa kuuliza maswali.

"Wa kwanza saa tatu, wa pili saa nne," Shemeji alimnong'oneza fundi, maana ujanja usiosifiwa huwasha. "Saa tano mimi sipo."

"Kaka, una kichwa! Huyo wa pili anakaa wapi?"

Akaelekezwa mpaka rangi ya mlango.

Saa tatu Shemeji akamwoa mwokaji. Saa nne akaingia tawi la pili, jasho likimtoka, maua mkononi. Karani akatazama kompyuta.

"Haiwezekani, mzee."

"Kwani si mpaka saa sita?"

"Saa sita ya nini? Nasoma daftari la hapa hapa. Mchumba wako ameolewa saa tatu na nusu. Na fundi wetu."

Fundi alikuwa amemweleza mshonaji ukweli wote. Na ukweli, ukisemwa na mtu mwenye ajira ya kudumu, hupendeza sana.

Shemeji akakimbilia dukani. Angalau gari!

"Mke wangu, funguo."

"Za nini, mume wangu? Duka na gari ni vya tajiri. Mimi nakanda tu."

Akarudi mbio tawi la kwanza kuomba ndoa ifutwe kabla kule hakujajua. Karani wa huko akaitazama saa ya ukutani: sita na dakika mbili.

"Pole, mzee. Sasa unajulikana kote."

Mlangoni alisimama mkewe, unga mpaka kwenye nyusi, akiuliza miti wanaanza kuikata lini.