Mashine Iliyopumzishwa Mpaka Ikasahau Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuitumia mashine yao ya kukatia nyasi. Wanainunua, wanaifurahia, wanaisukuma kila wiki, kisha wanashangaa inapokufa. Nimefundisha fizikia mpaka kustaafu na jambo hili naweza kulieleza kwa mfano mmoja tu. Mshumaa usiowashwa haupungui. Mashine nayo inazaliwa na saa zake tumboni, na kila unapovuta kamba unazila.

Yangu sijaivuta kamba tangu mvua za mwaka juzi. Imo stoo, imejazwa petroli mpaka shingoni, imefunikwa blanketi. Buheri wa afya.

Lazima iishi. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alinunua ya aina ileile, siku ileile, duka lilelile. Nyumba zetu zimepakana na ua wa nyuma ni mmoja. Mimi nimemzidi umri. Yeye kaoa mkubwa na mimi nimeoa mdogo, kwa hiyo anadai ukubwa. Tukakata shauri: ambaye mashine yake itatangulia kufa atamwamkia mwenzake shikamoo maisha yake yote. Kila tukikutana namuuliza hali ya yake. Hujibu kwamba inanguruma kama simba. Nami humjibu kwamba yangu nimetoka kuizima sasa hivi.

Nyasi nakata na nini basi? Swali zuri. Naazima ya shule niliyokuwa nikifundisha, siku ambazo mwanyumba hayupo. Mtunza uwanja haniazimi bure. Sharti kwanza nimkatie nyuma ya goli. Nakata. Saa zinazoliwa ni za shule.

Habari mbaya baada ya chakula. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Safari iliyopita mkongojo wake ulinasa kwenye nyasi za uani, kidogo aende chini. Mke wangu na dada yake wamekwishakaa kikao bila sisi. Nyasi ziwe chini kabla mama hajafika, la sivyo fundi wa matofali anaingia Jumatatu na ua mzima unatandikwa. Fundi amekwishakuja kupima. Kamba zake ziko pale, zimefungwa kwenye vijiti.

Ukoka ule niliupanda mwenyewe, kishina kwa kishina, mwaka niliostaafu. Ndipo ninapoweka kiti changu asubuhi. Nani anasoma gazeti juu ya matofali? Huko ni kituo cha basi.

Zamu ya kukata ilikuwa ya mwanyumba. Yeye anadai ilikuwa yangu. Sina wasiwasi. Kesho naenda shule.

Jumanne, 4 Machi

Mtunza uwanja amekataa! Kuna mashindano ya michezo Ijumaa na Jumamosi, mashine haitoki. Akasema hata yule mwingine aliyefika alfajiri amerudi mikono mitupu. Sikuuliza mwingine yupi. Watu wengi wana nyasi.

Nilipita uwanjani kwa udadisi tu. Nyuma ya goli langu nyasi zimeota. Nyuma ya goli la pili zimekatwa vizuri sana, kwa mistari iliyonyooka. Nani anayekata kwa mistari hivi?

Jambo jingine la ajabu. Mashine ile ya shule niliikuta nilipoanza kazi. Ilikuwa nzee tangu wakati huo. Inafanya kazi kila wiki, juani, mikononi mwa kila mtu, na bado inawaka kwa mvuto mmoja. Hili linapingana na nadharia ya mshumaa. Nimelitafakari njia nzima. Jibu: bahati. Katika kila kundi la vipimo hukosi kimoja kilichopotoka.

Mpango wa pili: kumsifu mwanyumba. Nilimkaribisha chai, nikamwambia sijaona mkono unaokata nyasi kwa ustadi kama wake, na kwamba mama mkwe angefurahi kujua ni yeye. Alikunywa vikombe viwili. Akasema mgongo umemkamata, lakini yeye kila siku humwambia mkewe kwamba kwa kunoa kisu hakuna anayenifikia mimi. Tukasifiana mpaka birika likaisha. Nyasi ziko palepale.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua kuiwasha. Mara moja tu, kwa ajili ya ua.

Nimevuta kamba. Kimya. Nimevuta tena na tena mpaka bega likalia, mashine haikulia. Mke wangu alikuwa dirishani. Akauliza kwa upole kama ndiyo ile niliyokuwa nikitoka kuizima sasa hivi.

Basi udadisi ukanishika. Nilifungua tangi, nikanusa. Si harufu ya petroli. Ni harufu ya vanishi, kama kwa seremala. Nikaibeba mashine mpaka meza ya chumba cha kulia, nikafungua kabureta, kile kijikopo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndani nilikuta utomvu! Wa rangi ya asali, unaonata kidoleni. Tundu la kupitisha petroli, jembamba kama la sindano, limezibwa kabisa. Nilikaa nikilitazama kwa muda mrefu. Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka, hubaki ile nzito, nayo huganda. Nilikuwa nalijua hili. Nimelifundisha! Ila sikudhani lingetokea nyumbani kwangu.

Chujio la hewa limeliwa na panya. Katika bomba la moshi nyigu kajenga nyumba ya udongo, vyumba vitatu, kazi safi mno. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona kitambaa chake cha meza.

"Mwalimu," akasema, "hapa tunakula."

Nilipokuwa nikihamisha vitu, kispringi cha kabureta kiliruka. Kilipiga kabati, kikapiga sahani, kikatoweka. Nimetambaa chini ya kila kitu chenye miguu. Nimepata kijiko kilichopotea zamani. Kispringi hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi. Mashine ya mwanyumba na yangu ni mapacha. Kispringi chake kinaingia kwangu. Yeye huenda kwa kinyozi Alhamisi. Si wizi, kati ya wanyumba huitwa kuazima bila kusumbua.

Niliingia stoo yake saa nne. Mashine yake imefunikwa blanketi. Blanketi lina vumbi la kuandika jina. Nililifunua: buibui amefuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Simba gani huyu anayenguruma bila kukata uzi wa buibui? Nikafungua tangi, nikanusa. Vanishi.

Nilisimama pale nikifikiri. Kumbe naye hakuigusa. Kumbe goli la pili, ile mistari iliyonyooka...

Nilichukua kispringi, nikarudi haraka. Mlango wa stoo yangu ulikuwa wazi. Mtu kainama ndani, kanipa mgongo, na kamba ya kuwashia ya mashine yangu iko mkononi mwake. Mgongo huo ndio uliomkamata mwanyumba Jumanne.

Nilikohoa.

"Shikamoo!" akaruka.

"Marahaba," nikajibu, kabla hajapata nafasi ya kuirudisha.

Alisema ile haihesabiwi, ilikuwa ya mshtuko. Nikamwambia salamu ni salamu. Halafu akaona kispringi mkononi mwangu, akakitambua. 

"Ulikuja kufanya nini, mwanyumba?" nikamuuliza.

"Kuijulia hali mashine yako."

"Imekuitikaje?"

"Haikuitika. Na yangu je?"

"Nayo hoi."

Tulikaa juu ya ndoo mbili tukaambiana ukweli. Kamba yake ilikatika miezi mingi iliyopita akijaribu kuiwasha kwa siri. Yeye ndiye aliyefika shuleni alfajiri. Yeye ndiye goli la pili. Mtunza uwanja amekuwa akikatiwa uwanja na wazee wawili, kila mmoja akiapishwa asimwambie mtu. Nimemheshimu sana mtu yule.

Mwanyumba naye anaupenda ukoka ule. Sikujua. Anasema jioni, mimi nikiondoa kiti changu, huja kukaa palepale, miguu peku.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi tangu asubuhi. Mashine mbili zilizokufa, tumeamua kupata moja iliyo hai. Meza ya chakula imekatazwa, kwa hiyo chini, barazani kwake, juu ya magunia.

Tumemwaga petroli yote ya zamani kwenye dumu. Tumesafisha kabureta yake kwa petroli mpya na mswaki, tukazibua tundu kwa uzi mmoja wa waya. Plagi yake ilikuwa nyeusi kama chungu. Tuliipiga msasa mpaka ikang'aa. Chujio lake zima. Kamba yangu. Oili mpya, kwani ya zamani ilikuwa imekuwa lami. Magurudumu yangu, yake yalikuwa yamekwama. Kisu tulinoa changu, kilichokuwa butu kama mwiko. Nilitaka kujua kila kitu kinafanya nini na kwa nini, naye akawa ananiuliza kila saa kama tunatengeneza au tunasoma. Nyumba ya nyigu nimeihifadhi kwenye kopo.

Saa kumi akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikawaka! Moshi mweupe, kisha sauti. Nakiri nilimkumbatia.

Kisha ukazuka ugomvi. Nani asukume? Kila saa inayotumika italiwa kwenye mashine ya nani? Mimi nikasema injini ni yake, kwa hiyo hii ni mashine yake. Yeye akasema inaposimama inasimama juu ya magurudumu, na magurudumu ni yangu. Tulibishana mashine ikinguruma katikati yetu na jua likishuka. Mwishowe wake zetu walitoka, kila mmoja kwa mlango wake. Dada mtu akatazama saa. Mke wangu akatazama vijiti vya fundi.

Tulisukuma pamoja, mkono mmoja mmoja. Mistari yake, kona zangu. Tulimaliza kwa mwanga wa taa ya barazani.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Alishuka, hakutaka kuingia ndani, akazunguka nyuma moja kwa moja. Tulisimama pembeni kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Alipiga mkongojo chini, hatua, akapiga, hatua. Haukunasa mahali popote. Alifika katikati, akavua ndara, akaomba kiti.

Akaletewa kiti na chai. Mke wangu alikwenda mwenyewe kung'oa vijiti vya fundi. Nilitazama kando, macho yalikuwa yameingiwa na kitu.

Mama akauliza nani kakata. Tulinyoosheana vidole. Tukamsimulia yote, mashine kulazwa, utomvu, nyigu, buibui. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema cherehani yake alipewa alipoolewa, na hajawahi kuipa likizo. Huishonea kila siku, huitia mafuta kila anapomaliza, na mpaka leo inashona.

"Chombo hakiuawi na kazi, wanangu," akasema. "Kinauawa na kulala."

Tuliitikia kwa vichwa. Mwanyumba alisema neno hilo lichongwe mlangoni. Mimi nilisema ni fizikia tupu. Tulishukuru sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimeyapima maneno ya mama usiku kucha. Ni ya hekima. Ila cherehani haitumii petroli, kwa hiyo mfano haulingani.

Ukweli ni huu. Sasa tuna mashine iliyo katika hali bora kabisa. Safi, imenolewa, inawaka kwa mvuto mmoja. Mashine kama hiyo kuichakaza kwenye nyasi ingekuwa dhambi. Mwanyumba amekubaliana nami kwa mara ya kwanza tangu tuoe. Tumegawana kila mtu vipande vyake, na mimi nimekwishatuma kutafutwa kispringi na chujio. Dau liko palepale. Shikamoo ya Alhamisi bado ina mgogoro.

Petroli ya kwenye dumu ilikuwa nyingi, kuimwaga ni ufujaji. Nimeijaza yote kwenye tangi langu, mpaka shingoni. Nimeifunika mashine blanketi, mara mbili safari hii. Nimefunga mlango kwa kufuli.

Mama anakaa mwezi mzima na nyasi hazina subira. Mashindano ya shule yamekwisha. Jioni nilimwona mwanyumba akitoka kwa haraka, kavaa viatu vya uwanjani, anasema anakwenda kunyoosha mgongo. Ananizidi hatua!

Mjukuu wangu utakayesoma haya ukiwa na nyasi mlangoni, leo hii, kabla jua halijawa kali, nenda kaazime ya jirani.