Jinsi Agapiti wa Ushirombo Alivyoliokoa Kochi Jekundu

Sogeeni, enyi wana wa Bukombe, nanyi majirani mliotawanyika hadi Didia. Tegeni masikio, maana nawasimulia vita vya Agapiti, mkulima wa mahindi, mwenye subira ndefu kuliko kiangazi, aliyeyashinda makucha kumi na manane pasipo kung'oa hata moja.

Kochi jipya lilikuwa limeingia nyumbani mwake, jekundu, fahari ya mkewe Lusia. Halijatulia vizuri mahali pake, Jemadari, paka wao, mfyekaji wa panya na mlinzi wa ghala, akalivamia, akalirarua ubavu hata sponji ikachungulia nje kama utumbo wa askari aliyeanguka.

Lusia akasimama mlangoni, akanena: "Baba Wema, Jumapili wakwe wanakuja kumposa Wema. Wakiyakuta haya, watasema binti yetu kalelewa porini. Paka huyo aondoke, au mimi nirudi kwa mama."

Hapo akaingia jirani yao Ngassa, mkongwe wa mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo, plaizi mkononi mithili ya upanga.

"Mwangaluka, Baba Wema," akasalimu Kisukuma. "Nishikie huyo. Nikimng'oa kucha zote, kochi limepona."

Agapiti akainuka kwa utulivu mkuu. "Jirani yangu, rudisha silaha yako. Nimemuuliza bwana mifugo. Kucha ya paka imeshikana na mfupa. Ukiing'oa, umemkata kidole. Atachechemea, na panya watayala mahindi yetu kwa raha zao. Tena hakwaruzi kwa chuki. Anajinyoosha, anavua maganda ya kucha zake. Nitampa uwanja wake."

Akashuka uani. Akatwaa gogo la mkaratusi, akalizungushia kamba ya katani kuanzia chini hadi juu, akalipigilia kwenye ubao mpana lisiyumbe, kisha akalisimamisha ubavuni mwa kochi, palepale penye jeraha. Jemadari akalipita bila hata kuligeukia, akaliendea kochi. Lusia akakohoa. Agapiti hakumpiga paka wala hakumfokea; alilifunika kochi kwa turubai, akalisugua gogo kwa dagaa, akakaa chini kungoja.

Harufu ile ikamlainisha Jemadari. Akanusa, akajinyoosha, akapandisha makucha, akakwaruza.

"Kumbe anaelewa," akasema Lusia, akamfunga paka ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, huku mumewe akimpunguza kucha ncha tupu, asiguse penye wekundu wa damu. Jemadari alimchana Agapiti pua mara moja, kwa heshima.

Jumapili wakwe waliketi. Jemadari akaingia, soda za wenyeji zikasimama hewani. Akaelekea kwenye gogo, akakwaruza kwa madaha mbele ya wote.

Baba mkwe, mzee Pantaleo, akaweka soda yake chini, akaliinamia gogo.

"Mwenzangu, kitu hiki umekitengenezaje? Kwangu paka ameumaliza mlango. Tuambie kwanza hilo, mahari tutazungumza baadaye."

Hivyo ndivyo Bukombe ilivyopata posa yake ya kwanza iliyofunguliwa kwa habari za kucha, na wazee wakakubaliana mahari kabla soda hazijaisha.