Injini ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimeua mashine ya kukatia nyasi ya baba mkwe. Niliiazima. Yaani, niliichukua. Yeye kaenda kutibiwa macho, anarudi Jumamosi. Katikati ya ua ikatoa mlio kama mbuzi aliyekabwa, kisha kimya. Navuta kamba ya kuwashia, haisogei. Nikafungua kifuniko cha oili. Pakavu!
Mzee alikuwa bwana jela mpaka alipostaafu. Wanasema wafungwa walimwamkia hata usingizini.

Jumanne, 5 Machi
Fundi kasema injini imenoki, yaani imekwama kwa kukosa oili, haina dawa, nitafute nyingine. Nikamwambia ninayo, ya pampu yangu ya maji! Akanitazama kwa huruma. Eti shafti ya pampu, kile chuma kinachozunguka, inatoka ubavuni, ya mashine ya nyasi inatoka chini, kisu kitasimama wima na kunifyeka miguu. Nikauliza kama haiwezekani kuilaza injini kiubavuubavu. Akaniomba niondoke.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, kapita kuulizia mashine. Nikasema inanolewa kisu. Akatabasamu. Yule anataka niharibikiwe ili mzee ampende yeye peke yake. Sijala mchana. Wala jioni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata injini! Kwa muuza vyuma chakavu, shafti inatoka chini kabisa. Ni kubwa kidogo. Ilikuwa ikikata uwanja wa mpira. Matundu hayalingani, kwa hiyo upande mmoja nimefunga boliti, upande wa pili waya. Ya mzee ilikuwa nyeusi, hii nyekundu. Nimeipaka rangi ya viatu. Inang'aa! Mke wangu kauliza mbona mikono ni myeusi. Nikamwambia nimepiga viatu vyangu rangi. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee karudi, jicho moja limezibwa. Nikamshukuru Mungu, nikaona aibu, nikashukuru tena.
Akasema nyasi zake zimekuwa pori. Nikamsihi, "Baba, pumzika, nitakata mimi." Akasema, "Leta mashine."
Akavuta kamba. Ngurumo! Rangi ya viatu ikayeyuka, ua mzima ukanuka kiatu kinachoungua. Waya ukakatika. Injini ikaanza kurukaruka, kisu kikagonga chuma, cheche kwenye suruali yake. Akaganda hapo hapo. Sijui nilifikaje. Niling'oa waya wa plagi kwa mkono mtupu, umeme ukanirusha kwenye maua ya mama mkwe.
Nilipoinuka, mzee alikuwa amekaa chini, anatetemeka kunizidi. Sikuwahi kujua kwamba na yeye huogopa. Nikamweleza yote. Akauliza taratibu, "Mwanangu, ulitaka kuniua kwa kuniogopa?"
Nikalia. Nikaapa mbele ya wote, shemeji akiwepo, kwamba kuanzia leo kikiharibika kitu nasema papo hapo.

Jumatatu, 11 Machi
Mimi ni mtu mpya. Nalala kama mtoto.
Mzee kaniachia hata gari lake nimpeleke kliniki. Heshima iliyoje! Shemeji kanuna mpaka mdomo umefika kifuani. Njiani taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ikaniharibia raha yote. Mzee alipoingia kwa daktari, nikamwomba nesi kipande cha plasta, nikakibandika juu ya taa. Haionekani kabisa! Ya nini kumtia mgonjwa wasiwasi?