Krimu ya Chumba cha Giza

Jumatano, 4 Juni

Barua! Mshonaji, jirani yetu wa zamani, atapita Jumapili saa nne asubuhi, akielekea kwa binti yake. Miaka kumi na moja sijamwona. Hadi leo nikisikia cherehani popote, nageuka.

Furaha dakika tano, kisha jasho. Mwaka jana nilimtumia picha yangu. Mimi ni mpiga picha wa mtindo wa zamani: filamu nasafisha mwenyewe, na kabla ya kuchapa, makunyanzi ya wateja nayafuta kwa penseli kwenye filamu. Ya kwangu niliyafuta yote. Anakuja kumwona kijana ambaye hayupo!

Dada, ninayeishi naye, amesema uzee haukimbiliki. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amejigamba kuwa mshonaji alikuwa akimchekea yeye pia. Ana uso laini kama yai. Simpendi.

Alhamisi, 5 Juni

Duka la dawa. Mfamasia, mama mpole, amenieleza kuhusu antioksidanti: zimo kwenye mimea, kama chai ya kijani, zabibu na choya, yale maua mekundu ya juisi. Ngozi huchakaa kwa jua na moshi, kama bati linavyoshika kutu, nazo huipunguza hiyo kutu. Ila zikikaa kwenye mwanga na hewa, nguvu hupotea. Akaongeza kwamba krimu zake huchukua wiki nyingi, hazifuti miaka, na nisithubutu kujitengenezea.

Hapo nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mbali na mwanga! Nani mwingine mtaani ana chumba cha giza?

Jumamosi, 7 Juni

Nimejifungia, taa nyekundu tu inawaka. Choya kavu niliyonunua sokoni ilikuwa nyekundu kama damu; nimeitwanga humu, nikaichanganya na mafuta mazito ya dada. Rangi ilinitia wasiwasi. Ajabu! Nilipomaliza, krimu nyeupe pe. Mafuta yameimeza rangi. Kumbe mimi ni mkemia!

Dada anatafuta mafuta yake. Nimesingizia panya.

Nimenyoosha shati lenye kifungo alichonishonea mshonaji. Hulifua polepole, kisije kikang'oka. Nimemkumbuka mno. Basi, nimekiri.

Jumapili, 8 Juni

Saa tatu na nusu, chumba cha giza. Nimepaka mara tatu. Kwenye kioo, uso unang'aa, kunyanzi hata moja sioni. Ngozi imeinywa krimu yote! Hodi mlangoni. Nikatoka nikitabasamu.

Mshonaji akapiga yowe. Akaita watu, eti nimechinjwa. Kinyozi akavuka barabara na taulo. Dada akachovya kidole shavuni mwangu, akanusa, akauliza kama siku hizi panya wanajipaka choya. Ndipo nikakumbuka: chini ya taa nyekundu, chekundu na cheupe huonekana sawa. Na mimi nimefanya kazi humo miaka thelathini!

Mshonaji alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwondoa kinyozi, akaninawisha uso mwenyewe, taratibu, kwa maji ya vuguvugu. Nilitamani choya isitoke.

Alipofika pembeni mwa macho, kidole kikasimama. Akasema kumbe yapo. Akasema ile picha aliifungia kabatini, maana mtu yule hakumjua. Makunyanzi haya anayajua. Nusu yake aliyatia yeye, kwa kunichekesha. Ameomba picha nyingine, isiyoguswa na penseli. Akimwona humo mtu wake, atarudi mwezi ujao, na safari hii hapiti tu, anakuja kukaa.

Saa sita basi likamchukua. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimejipiga picha. Nimeichapa bila kuigusa, kama alivyoomba. Nikaitazama sana. Makunyanzi ni machache! Na ndiyo anayoyapenda. Haya machache yatatosha kumrudisha kweli?

Nimechonga penseli. Nimeongeza sita kila upande, na mawili kwenye paji la uso, ya akiba.

Dada amechungulia, akauliza huyu babu ni nani.

Nimeipeleka posta.