Taa Mbili Kwenye Ukungu wa Nkoaranga

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Loo! Leo nimelala mferejini. Mimi, Bariki, mwenye baiskeli ya kengele mbili! Nilikuwa nateremka na mikungu ya ndizi kwenda sokoni Arusha, ukungu mzito, nimeshika katikati ya barabara kama kawaida yangu. Ghafla honi. Kisha lori. Mungu wangu, lori lile! Ardhi ilitetemeka, migomba ikainama. Hata nilipokuwa majini niliendelea kulitazama, mdomo wazi. Dereva ni Hatibu wa Daraja Mbili kule mjini, anayepanda huku kila asubuhi kuchukua kahawa. Alichungulia, akauliza kama niko mzima, akaniambia nishike kushoto.

Kushoto! Barabara hii aliichimba babu yangu.

Na Jumapili Mzee Kaanaeli anatoa jibu la posa yangu kwa Penina. Ataozaje binti kwa mtu wa kutupwa mferejini?

Jumanne, 7 Septemba

Nimemfuata Hatibu kwenye ghala la kahawa nimpe maneno yake. Alinisikiliza huku anafuta vioo. Akasema baiskeli isiyo na taa haionekani kwenye ukungu. Niweke taa, nikae kushoto, naye atanipitia kwa mbali. Nikamuuliza mbona magari huyapisha. Akasema njia ni nyembamba, akiona taa mbili anatoka nje ya barabara kabisa. Huwezi kujua, pengine ni Bwana DC.

Taa mbili! Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu.

Jumatano, 8 Septemba

Kazi. Nimefunga ufito mrefu juu ya usukani, taa ya chemli moja kila ncha. Nikasogea mbali, nikatazama. Sikuona baiskeli. Niliona gari! Nikaiogopa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Penina amepita na kuni, akauliza naanika nini. Nikamwambia ni mambo ya wanaume. Alicheka mpaka kuni zikamwanguka. Akasema baba yake anataka mtu mwenye akili na adabu, nijitahidi nisikose vyote viwili.

Alhamisi, 9 Septemba

Imekubali! Imekubali, halafu imeharibika.

Ukungu. Nateremka katikati, taa zinawaka. Lori likatokea kwenye kona. Likapunguza mwendo. Likajisogeza pembeni, likajisogeza tena, magurudumu mawili yakaingia mferejini, likasimama kwa heshima. Dude zima lile, kwa ajili yangu! Machozi yalinilenga. Hatibu alikuwa amevua kofia.

Ningekanyaga pedali tu, nani angejua? Lakini nikatupa jicho ndani. Kando ya dereva, Mzee Kaanaeli! Alikuwa amelala kwa dada yake huko mjini, Kijenge, akapewa lifti. Sasa, nani huku kwetu anampita mkwe akiwa juu ya baiskeli? Nikaruka chini palepale, katikati ya barabara. Nikavua kofia, nikainama, nikasema shikamoo. Ufito ukazunguka. Chemli moja ikavunja taa ya lori, ya pili ikaangukia ndizi. Bwana DC akawa mimi.

Mzee akaitika marahaba. Hatibu akairudisha kofia yake kichwani.

Lori halikutoka mpaka mikungu yangu yote ilipowekwa chini ya magurudumu.

Ijumaa, 10 Septemba

Mzee ameamuru nishinde ndani ya lori na Hatibu, nijionee. Nimejionea! Jamani, juu kule! Ukungu ulipofunguka, Meru yote ilisimama mbele ya kioo, kuanzia mibuni mpaka kilele kitupu. Nimezaliwa chini yake, na leo nilisahau kupumua.

Kisha tukafika barabara ya mjini, nikaogopa kweli. Mtu wa baiskeli ni mdogo! Yupo, hayupo, mara yuko chini ya pua ya lori. Mmoja aliyumba akikwepa shimo. Hatibu akamzunguka kwa mbali, taratibu, kama anayemvusha mtoto. Akaniambia kila asubuhi anamwomba Mungu asije akaua mtu. Na Jumatatu, baada ya kuniona mferejini, chakula cha mchana hakikupita. Nilimwomba radhi. Mimi kuomba radhi!

Jumapili, 12 Septemba

Jibu limetoka. Mzee alisema mbele ya ukoo wote kwamba akili bado. Lakini, akasema, anayeshuka kumwamkia mkwe mbele ya lori ana adabu, na akili Penina anazo za kuwatosha wawili. Amekubali! Ana masharti: nishike kushoto, nibebe taa moja, na nikitaka kumwamkia mtu nitoke kwanza barabarani.

Nikaapa. Penina akataka niape tena. Hakuwa anacheka, alisema hataki kunililia kabla hajanipikia. Nikaapa tena, kwa moyo wangu wote. Kushoto. Taa moja.

Jioni nimepita kanisani kumshukuru Mungu. Walikuwa wamewasha taa ya karabai kwa ajili ya kwaya. Lahaula, mwanga ule! Ukiutazama, huoni kingine chochote. Nilisimama mlangoni, nimeduwaa, mpaka wimbo ukaisha. Nimezungumza na mzee wa kanisa, ataniazima taa hiyo mpaka harusi. Kesho Hatibu ataniona hata akiwa bado chini kabisa kwenye kona.

Ni moja tu, kama nilivyoapa.